Mume Wangu Hataki Kitanda Kilicholaliwa na Watu Asiowajua

Shikamoo Mama,

Nimekuwa msomaji wako wa siku nyingi, leo nimeona nami nijitoe. Wengine wataona jambo langu ni dogo, la kitanda tu, lakini limeingia nyumbani kwangu hadi siku hizi tunakula kimya.

Baba yangu mzazi anaishi nasi tangu mama alipofariki. Ana miaka 79, akili yake ni timamu, ila magoti yanamsumbua. Mchana hapendi kujifungia chumbani. Anataka awe sebuleni, asikie watoto wakicheza, aulize habari za huyu na yule. Akichoka analala hapo hapo kwenye kochi akiwa amekaa, shingo imemwangukia upande mmoja, na akiamka analalamika maumivu. Ndipo nikafikiria kumwekea kitanda cha kupumzikia mchana, upande wa dirishani ambako hatujaweka kitu.

Nisikufiche, hamu ya kitanda cha namna hiyo ninayo tangu ujana. Napenda mbao zilizochongwa. Basi nikaenda kwa mtu anayeuza samani za kale, nikakuta viwili.

Cha kwanza kilinishika moyo. Kina kuta fupi pande tatu, nyuma na ubavuni, na zote zimechongwa maua yaliyofumana, katikati wapo ndege wawili wanaotazamana. Mbao zake ni nyeusi zenye wekundu kwa mbali. Nilipitisha kidole kwenye bawa la ndege mmoja nikahisi unyoya mmoja mmoja. Ni kipana, na kiko chini chini. Muuzaji anasema ni cha Kichina, kina zaidi ya miaka 150, kimeundwa bila msumari hata mmoja, na mti wake ni wa jamii ya mpingo. Kwenye mguu mmoja niliona vitundu vidogo vya kuingia pini. Nikamuuliza, akasema hivyo ni vya zamani, wadudu walishakufa.

Cha pili ni cha msaji, anasema ni cha miaka ya 1960. Kimeinuka zaidi, nakshi iko kichwani peke yake, na kimepigwa vanishi upya. Bei yake ni nusu ya kile cha kwanza.

Mume wangu hataki hata kimoja. Maneno yake ni haya: "Siwezi kumlaza mzee kwenye kitanda ambacho sijui nani alikifia." Yeye anataka tununue kochi jipya, lile la kukunjua likawa kitanda. Mama mkwe yuko upande wake. Dada yangu mkubwa naye ananisukuma ninunue kile cha ndege kabla hakijachukuliwa, kwa kuwa fedha ni akiba yangu mwenyewe na sijamwomba mtu. Muuzaji anasema kuna mteja mwingine anakingoja, anataka nitoe arubuni kabla ya mwisho wa wiki, na arubuni hairudi.

Nina watoto wawili, na yule mdogo bado anatia kila kitu mdomoni. Usiku silali vizuri. Ninajiuliza kama nimefika mahali pa kupenda kitu kuliko watu wa nyumbani mwangu. Nishauri, Mama.

Mpenda Nakshi

Marahaba, mwanangu Mpenda Nakshi,

Barua yako nimeisoma mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza nami nilibaki kwenye bawa la yule ndege. Umekieleza kitanda vizuri mno. Ndiyo maana nianze na hilo swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Mtu anayependa kitu kuliko watu hakai kitandani usiku akijiuliza kama amewakosea. Kupenda kazi ya mkono wa fundi si kosa, na sitaki ulibebe kama kosa.

Nilichokiona ni kwamba mambo matatu yamefungwa kwenye fundo moja. Baba anahitaji mahali pa kujinyoosha mchana. Wewe una hamu ya siku nyingi ya kuwa na kitanda cha nakshi. Na mumeo ana jambo linalomkaa rohoni, amelitamka kwa maneno ya kitanda cha marehemu. Kila moja lina haki yake, lakini ukiyajibu yote kwa kununua kitanda kimoja, kuna litakalobaki bila jibu.

Tuanze na mzee. Katika barua yote sikuona mahali ulipomuuliza. Umemwona shingo imeanguka, ukamhurumia, ukaenda dukani. Mtoto mwema hufanya hivyo. Lakini mtu wa miaka 79 mwenye magoti mabovu ana la kusema juu ya kitanda kilicho chini chini. Mkalishe kwenye kiti anachonyanyuka bila kushikwa mkono, kisha upime kutoka sakafuni hadi kwenye kikalio. Kwa watu wengi kipimo hicho huangukia kati ya sentimita 42 na 50. Chukua kipimo chake, uende nacho dukani, na usisahau kwamba godoro linaongeza kimo, halafu linabonyea mtu akikalia. Kitanda cha sentimita 35 chenye godoro la sentimita 10 huenda kikamfaa. Chenye sentimita 28 kitamtesa kila akitaka kwenda msalani.

Pima na upana. Vile vitanda vya Kichina vyenye kuta pande tatu, ambavyo huitwa luohan, vilikusudiwa mtu akunje miguu juu yake au ajiegemeze ubavu, mara nyingi pakiwa na kimeza kidogo katikati. Havikutengenezwa kwa mtu anayening'iniza miguu huku mgongo umeegemea nyuma. Mzee akikaa ukingoni hatafika kwenye ukuta wa nyuma, na akijisukuma hadi nyuma miguu itaelea. Mito mikubwa migumu hupunguza tatizo hilo, tena humkinga na nakshi yenyewe, kwa kuwa ua lililochongwa kwa kina huchoma uti wa mgongo wa mtu mwembamba. Kwa upande mwingine, zile kuta za ubavuni zikiwa imara zitampa pa kushika anapoinuka, na kochi la kukunjua mara nyingi halina kitu hicho. Uushike ukuta wenyewe kwa mkono dukani, uegemee kwa uzito wako wote, usikilize kama unalia.

Sasa umri wake. Umepokea ile miaka 150 kama ilivyosemwa, na labda ni kweli, lakini neno la muuzaji halitoshi. Kutokuwa na msumari hakuthibitishi lolote, kwa maana mafundi wa leo nao huunga ulimi wa ubao ndani ya tundu bila msumari. Kitanda kikongwe hujieleza upande usioonekana. Omba kigeuzwe, au jilaze sakafuni na tochi uangalie chini ya chaga na nyuma ya ukuta. Fundi wa zamani hakupoteza muda kulainisha mahali ambapo hapatazamwi. Utapapasa mawimbi madogo ya randa ya mkono, na ncha za vidole huyagundua kabla ya macho. Ukikuta mikwaruzo ya upinde inayofuatana kwa nafasi zilizo sawa, hiyo ni alama ya msumeno wa duara wa mashine, ambao ulienea katika karne ya 19. Misumari ya waya yenye mwili wa mviringo ilienea kuelekea mwisho wa karne hiyo. Skrubu za kichwa cha msalaba zilianza kusambaa miaka ya 1930. Kukuta kimojawapo hakumfanyi muuzaji kuwa mwongo, kwa sababu kitu cha miaka mingi aghalabu kimekarabatiwa. Lakini skrubu ya msalaba ikiwa ndiyo inayoshika mfumbati, yaani ubao wa ubavuni, na tendegu, yaani mguu wa kitanda, mahali ambapo uzito wote unalala, basi uulize kimevunjwa lini na nani alikiunga.

Kuna jambo ambalo ningelitazama kuliko yote hayo. Baadhi ya vitanda vinavyouzwa kama vya kale vimeunganishwa kutokana na vitu vingine: ubao wa mlango, kiambaza cha dirisha, au kitanda kikubwa cha nguzo nne kilichokatwa nguzo zake. Nakshi ni ya kale kweli, kitanda ni kipya. Fuata maua yako kwa jicho hadi kwenye pembe. Fundi aliyechonga kwa ajili ya ukuta ule alijua unaishia wapi, akafunga ua lake kabla ya ukingo. Ukikuta ua limekatwa katikati, au kuna tundu tupu la kiungo lisilopokea kitu, au mbao za matendegu ni za rangi nyingine hadi ndani, umepata habari. Angalia pia uchakavu umekaa wapi. Mwili wa binadamu hula ukingo wa mbele na mahali pa kuwekea mkono, na sakafu hula nyayo za miguu ya kitanda. Kitanda kilichochakaa sawasawa kila upande, hadi mahali ambapo hakuna mkono unaofika, kimechakazwa kwa makusudi.

Kitanda cha kuunganishwa kinaweza kuwa kizuri na imara, na kama bei ni ya kitanda cha kuunganishwa, hakuna aliyeibiwa. Ni wewe tu utakayesema kama ungekipenda ungejua hivyo.

Habari ya mbao nyeusi zenye wekundu. Miti ya jamii ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, yote imo kwenye orodha ya miti inayodhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Kama kitanda kimevuka mpaka hivi karibuni, muuzaji anapaswa kuwa na karatasi zake, na kama nanyi mnatazamia kuhamia nchi nyingine siku moja, mtazihitaji. Tazama pia macho ya ndege wako. Yakiwa na kitu cheupe kilichopachikwa, uliza ni mfupa, kombe au pembe ya ndovu, kwa sababu nchi nyingi zimebana biashara ya pembe hata kwenye vitu vya kale.

Vile vitundu mguuni, mwanangu, usiviache vipite. Bungua anapotoka kwenye mbao huacha tundu la milimita moja au mbili, lakini kabla ya kutoka ameishi humo akiwa buu, wakati mwingine kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mtu hawezi kutazama tundu akaapa kwamba ndani hakuna kitu. Tundu la zamani lina kingo zilizotiwa weusi na vumbi. Tundu jipya lina kingo safi za rangi ya mbao mbichi, na hutoa unga mwepesi. Gonga ule mguu kwa kiganja juu ya karatasi nyeusi uone kinachodondoka, na ukiruhusiwa, karatasi ikae chini yake kwa wiki kadhaa. Wadudu hao huhama wakaingia kwenye mbao nyingine za nyumba, ndiyo maana majumba mengi ya makumbusho huipitisha kwanza samani yenye dalili za wadudu kwenye baridi kali au kuifungia mahali pasipo na hewa ya oksijeni hadi wafe. Mtaalamu wa kuua wadudu wa mbao anaweza kukufanyia kazi ya namna hiyo, na gharama yake uihesabu ndani ya bei. Kunguni nao wanajificha kwenye viungo na kwenye mashimo ya nakshi, na wanaweza kukaa miezi bila kula. Tafuta madoa madogo meusi kwenye pembe.

Halafu kuna yule mdogo wako anayetia vitu mdomoni. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Marekani yenyewe ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978 tu, na kwingine zilikaa muda mrefu zaidi. Kama kuna rangi mahali popote, hata mabaki kwenye mifereji ya nakshi, pimisha kabla hakijaingia ndani, na mtu asikipige msasa sebuleni. Hilo linahusu na kile cha msaji: vanishi mpya imefunika nini? Muulize muuzaji kilikuwaje kabla hakijapakwa, na kama ana picha.

Umekipita kitanda cha msaji haraka sana, kwa mistari miwili, kana kwamba kipo ili kile kingine kionekane. Kiini cha msaji kina mafuta yake ya asili, na wadudu hawakipendi. Kimo chake kimekaribia mahitaji ya baba. Hatari ninayoiona iko kwako: ukikinunua kwa shingo upande, kila ukiingia sebuleni utakuwa unaona ndege ambao hawapo. Ukikaa ukakitazama kwa haki na bado moyo ukakataa, hilo nalo ni jibu. Njia nyingine ni kumpa seremala na mchongaji kipimo cha baba wakuundie kipya. Kitachelewa, na hakitakuwa na historia ya mtu yeyote, jambo ambalo kwako ni hasara na kwa mumeo ni faida. Na kile cha ndege kikishinda mitihani yote isipokuwa kimo, kinaweza kuinuliwa kwa vigingi vyenye kikombe vinavyokaa chini ya miguu bila kugongewa kitu. Usikubali mtu akiongezee miguu kwa gundi na msumari.

Kochi la kukunjua pia ulitendee haki. Lina dhamana, halina bungua wala rangi ya zamani, mzee atakalia kitu anachokijua. Shida yake ni kwamba lazima mtu alikunjue kila mchana na kulikunja kila jioni, na mzee wa magoti hataweza. Ukiona kazi hiyo itakuwa yako, mwambie mumeo.

Nimfikie yeye sasa. Unaweza kumjibu kwamba hata vitanda vya hospitali na vya hoteli vimelaliwa na wengi, na kwamba godoro na vitambaa vitakuwa vipya. Ni kweli yote, lakini sidhani kama yatamgusa. Yasome tena maneno yake: hakusema hataki kulala yeye, alisema hawezi kumlaza mzee, na neno alilochagua ni kufa. Ninajiuliza kama anachokiona akifumba macho ni mkwe wake amelala sebuleni mbele ya watoto, mchana kutwa, kwenye kitanda kisichoondoka. Kochi hukunjwa, siku ikapita kama kawaida. Kitanda kinasema baba yuko hapa hadi mwisho wake. Huenda nimekosea, simjui mumeo. Huenda pia ni imani aliyolelewa nayo, na mama yake kuwa upande wake kunaelekea huko. Vyovyote iwavyo, muulize siku ambayo kitanda hakijatajwa: anaionaje hali ya baba, anaogopa nini, yeye angependa mzee akae wapi mchana. Usiende na picha za kitanda kwenye simu.

Na akiba ni yako, dada yako amesema kweli. Ila sebule ni yenu wote, na kitu kikubwa kilichoingia kwa nguvu hakisahauliki. Ukiamua kununua bila yeye kukubali, ujue unachonunua ni pamoja na ukimya huo mezani, na hakuna ajuaye utakaa muda gani. Ukiacha kabisa kwa ajili ya amani, nalo lina bei yake, kwa sababu wanawake wengi wanaoniandikia wameacha kidogo kidogo hadi hawakumbuki walichokuwa wanakipenda. Sitakuchagulia kati ya hayo.

Kuhusu arubuni, mteja mwingine anaweza kuwepo kweli. Lakini hukuniambia kama umekitazama kitanda kikiwa kimegeuzwa, wala kama mtu mwenye ujuzi amekiona, na wiki moja haitoshi kwa karatasi nyeusi kusema lolote. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti yale aliyokueleza kwa mdomo: umri, mti, ukarabati uliofanyika, hali ya wadudu, na kwamba arubuni itarudi endapo mkaguzi wako atakuta tofauti. Hayo ni maombi ya kawaida kwa kitu cha kale. Akiandika, una pa kushika, na unaweza kutoa arubuni ukiwa bado unazungumza na mumeo na kumpima baba. Akikataa, rudi nyumbani bila kutoa kitu siku hiyo, hata kama mteja mwingine amesimama mlangoni.

Wako,
Mama Mshauri